Viatu Mlangoni pa Chumba cha Kompyuta

Jumanne ya pili ya Machi 1996, saa mbili na nusu asubuhi, Priscah, karani wa ofisi ya Mradi mjini Homa Bay, aliwasha kompyuta akatoka nje kuinjika chai. Chai ikachemka, ikafurika, ikateremshwa. Akanywa kikombe kizima kwa mandazi mawili, akakiosha, akamsaidia mzee Caleb wa getini kutafuta miwani ambayo mzee mwenyewe alikuwa ameivaa, kisha akarudi ndani. Kwenye skrini ile saa ndogo ya mchanga ilikuwa palepale alipoiacha.

Hali ilikuwa hiyo tangu Februari, pale mpwa wa meneja alipokuja kutoka Nairobi na mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, umo ndani ya disketi kumi na tatu. Alizitia moja baada ya nyingine huku akitafuna muwa, akauondoa mfumo wa zamani, akapigwa picha pamoja na mashine, akaenda zake. Mfumo wa zamani ulikuwa na sura ya kimaskini, maandishi meupe juu ya weusi mtupu, lakini barua ilitoka kabla hujamaliza kuchonga penseli. Mfumo mpya ulikuwa na picha ya mawingu, na barua moja ilianza na chai ya asubuhi ikamalizika na ugali wa mchana.

Wageni wa wafadhili walikuwa waje Ijumaa kuiona kompyuta hiyo ikifanya kazi. Kwa sababu hiyo meneja, Bwana Javan Obunga, alituma mtu Migori akamwite Mellen Nyamoita.

Mellen alikuwa na chumba ghorofani karibu na stendi ya Migori, alikofundisha watu kupiga taipu na kutengeneza mashine zilizoharibika. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mikono safi kupita kiasi, na pua iliyonusa uvundo kabla mlango haujafunguliwa. Alijua ndani ya kompyuta za ofisi mna nini, kama mwosha vyombo wa hoteli anavyojua sufuria za hoteli, na hakuwa na hamu ya kuzifungua. Hii alikubali kwa sababu moja tu. Shamba la baba yake lilikuwa mikononi mwa Mradi.

Mwaka 1983 Mradi wa mpunga ulichukua mashamba ya watu mia sita na kumi na mmoja huko bondeni ili mfereji upite. Kila mmoja aliahidiwa shamba jingine kando ya maji, ekari kwa ekari. Mfereji ulichimbwa, ukafika mahali, ukasimama. Mashamba mapya yakapimwa, yakapigwa vigingi, yakapewa nambari, na watu wakaambiwa wangoje. Kila Machi aliyekuwa akingoja alitakiwa kufika Homa Bay mwenyewe kutia sahihi fomu ya kuendelea kungoja. Asiyefika alihesabiwa kuwa amesamehe shamba lake, na msamaha wake ulipigwa mhuri siku hiyohiyo. Ni jambo pekee ambalo ofisi ile ililifanya kwa haraka.

Mzee Gichana Mirumbe, babake Mellen, alitia sahihi mara kumi na moja. Mwezi wa Agosti 1994 alifariki kwa kifua. Machi iliyofuata Mellen alifika na cheti cha kifo na barua ya chifu, akaomba angoje badala ya baba yake. Bwana Javan aliisoma barua ile huku anakula samaki, akairudisha ikiwa na alama ya kidole cha mafuta juu ya sahihi ya chifu.

"Sheria inasema mwenyewe afike," alimwambia. "Tukianza kupokea watu wa niaba, hii ofisi itageuka soko."

"Mwenyewe amekufa."

"Nimesikia. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

Mama yake Mellen, Bitutu, alikuwa amehamahama mashamba ya kukodi hata magoti yakakataa. Sasa alilala sebuleni kwa bintiye, akipanda sukumawiki kwenye makopo ya rangi pale roshani, kwa udongo wa kuokota kando ya lami. Kila jioni aliusonya udongo ule kabla ya kuumwagilia maji.

Basi Mellen alifika Homa Bay saa nne ile Jumanne. Siku hizo kila chumba cha kompyuta kilikuwa na tangazo mlangoni, na la Mradi lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu: VUA VIATU. KOMPYUTA HAITAKI VUMBI. Mellen aliinama akafungua viatu vyake, akakosa pa kuviweka. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa viatu. Kulikuwa na akala za matairi, raba zilizotoboka penye kidole gumba, gambuti, viatu vya kina mama vya kanisani vilivyopakwa chaki, na patipati za rangi mbili, ya kulia bluu na ya kushoto nyekundu. Vyote vilipangwa jozi jozi kwa adabu, ncha zikielekea mlangoni. Hapa na pale palikuwa na nyayo za matope za watu waliokuja peku, nazo ziliishia kizingitini.

Alidhani kuna mkutano. Alipoingia alimkuta Priscah peke yake, anapaka kucha rangi.

"Karibu, nyar Migori," Priscah akasema, kwani watu wa huko humwita mwanamke kwa alikotoka, binti wa mahali fulani, na mambo yakaisha. "Hii mashine imekuwa slow mpaka mtu anazeeka akiingoja."

"Viatu vya nani vile nje?"

"Ni vya watu," Priscah akajibu, akapuliza kucha zake.

Mellen alifungua kifuniko cha mashine. Mende wakatoka. Hawakukimbia, waliteremka taratibu, kama wapangaji wa siku nyingi wasiomwogopa mwenye nyumba. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu lililogandana na mafuta, makombo ya mandazi, mayai mawili ya mjusi na mfupa wa samaki. Aliutoa mfupa kwa koleo, akauinua kwenye mwanga.

"Boss hula akiwa anasoma," Priscah akaeleza.

Mellen aliuweka mfupa kwenye gazeti. Alifunga kitambaa puani, akafanya kazi saa nzima kwa brashi na pampu ya baiskeli, akajaza uchafu gazeti zima, akalikunja na kulitupa shimoni, kisha akanawa mikono mara tatu. Akairudisha mashine ilivyokuwa, akaiwasha. Saa ya mchanga ikaja, ikakaa. Uchafu ulikuwa uchafu tu, haukuwa na hatia nyingine.

Ndipo alipobonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kama mafundi wanavyofanya wakitaka kujua ni kazi gani zinazoendelea ndani ya mashine. Kwenye mashine yenye afya hutokea orodha ya vitu vinne au vitano. Hapa ilitokea orodha ndefu ya majina ya watu. Joash Omosa. Phelesia Adongo. Damaris Moraa. Majina yalishuka mpaka chini ya skrini na kuendelea, hamsini na manane kwa jumla, na mbele ya kila jina mfumo uliandika kwamba umemfungua na kwamba anangoja jibu.

"Hao ndio wenye viatu," Priscah akasema. "Walianza kuingia wiki ileile tulipowekewa huu mfumo mpya. Ule wa zamani ulikuwa unafungua mtu mmoja, unammaliza, ndio unafungua mwingine. Kama dirisha la posta. Huu unafungua watu wengi mara moja. Kwa hivyo wameingia wote."

"Lakini hawa ni marehemu."

"Eh. Walio hai wanapiga laini huko nje kama kawaida."

"Nani aliwaita?"

Priscah alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Si waliambiwa? Mwenyewe afike. Wamefika."

Mellen aliipitia orodha kwa kidole. La thelathini na moja lilikuwa Gichana Mirumbe. Alitoka na soksi mpaka ukumbini, akatafuta viatu vya baba yake, akavipata nyuma ya gambuti za mtu: viatu vya kahawia, kisigino cha kushoto kimepigwa kiraka cha tairi na fundi wa Isebania, na kamba zake ni waya mweusi wa umeme. Ni yeye Mellen aliyevifunga mara ya mwisho, kule mochari, kwa sababu waya ulikuwa mgumu na kaka zake walishindwa. Alitia mkono ndani ya kile cha kulia. Mlikuwa na joto la mguu uliotoka muda si mrefu. Akakirudisha, akazisogeza zile gambuti ili zisivikandamize.

Bwana Javan alikuja saa sita akiwa na soksi za juzi na kijiti cha meno mdomoni. Tangazo la mlangoni lilimhusu hata yeye, na harufu iliingia kabla yake. Akaelezwa. Hakushtuka, alikuwa ameviona viatu kila siku na alikuwa ameshakasirika vya kutosha juu ya pa kupita.

"Kwani kuna ugumu gani?" akasema. "Funga wote. Chagua jina, funga, chagua jina, funga."

Mellen akaanza na la juu, Joash Omosa. Mfumo ulimuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo, na jina likaondoka. Kwa nje ikasikika sauti ya viatu vikiburutwa kwenye saruji, na baada ya dakika moja jina la Joash Omosa likatokea tena, safari hii chini kabisa ya orodha.

"Amerudi nyuma ya laini," mzee Caleb akaita kutoka ukumbini. Kisha akasikika akiviambia viatu, "Pole, jaduong', mzee wetu Joash. Ndivyo walivyo."

Bwana Javan alichokonoa jino la nyuma, akakitazama alichokipata, akakirudisha mdomoni. "Basi, mpwa wangu atakuja Alhamisi afute diski yote, aanze upya. Ijumaa wageni wataikuta inakimbia."

"Na wale walio hai? Majina yao yamo humohumo."

"Wataandikishwa upya. Waanze kungoja mwaka wa kwanza."

Alisema hivyo bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililomchefua Mellen kuliko soksi. Miaka kumi na mitatu ya watu mia sita na kumi na mmoja, na baba yake miongoni mwao, ingefutwa kati ya chai na chakula cha mchana ili barua itoke haraka. Akaomba apewe mpaka Alhamisi asubuhi. Akapewa.

Jumatano alifika saa moja, kabla Priscah hajainjika chai. Alikuwa amewaza sana kwenye kitanda cha gesti, na aliona kwamba mashine haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imewabeba watu hamsini na wanane wanaongoja jibu, na mtu anayengoja jibu huwezi kumtoa ila kwa kumjibu. Akafungua ramani ya mashamba mapya.

Ilichukua saa mbili kufunguka. Ilipofunguka, skrini ilijaa vijisanduku vya kijani, mia sita na kumi na kimoja, vyote vimepimwa, vyote vina wenyewe. Mke wa Bwana Javan alikuwa na ishirini. Ndugu zake walikuwa na thelathini kila mmoja. Diwani alikuwa na upande mzima wa mfereji, na mpwa wa disketi alipewa kumi kwa kazi nzuri. Kuanzia namba 182 na kuendelea yaliandikwa majina ya wajukuu wa Bwana Javan, na mbele ya kila mjukuu, kwa unyoofu wa kiofisi, iliandikwa: hajazaliwa. Binti mkubwa wa Bwana Javan alikuwa kidato cha pili.

Mellen alisoma hadi mwisho wa ramani. Wafu walikuwa wamepanga viatu mlangoni, na wasiozaliwa walishahudumiwa.

Kwenye namba 97 paliandikwa: Priscah Akoth, nusu.

"Usiniangalie hivyo," Priscah akasema nyuma yake, birika mkononi. "Wengine walipewa kumi. Mimi nilipewa nusu. Nimepanda vitunguu."

Mellen aligeukia skrini. Alikwenda namba 214, shamba la mjukuu wa thelathini na tatu, lililokuwa karibu na maji. Akamfuta mjukuu. Akaandika Gichana Mirumbe, akabonyeza kitufe cha kukubali, akaweka mikono mapajani.

Mashine ilivuta pumzi. Diski ilikoroma ndani, ikatulia, na jina la Gichana Mirumbe likatoka kwenye orodha. Halikurudi chini.

"Nyar Migori!" mzee Caleb akaita. "Mzee wako amevaa. Ameenda."

Alikimbilia ukumbini. Nyuma ya gambuti palikuwa na nafasi tupu, saruji safi yenye ukubwa wa viatu viwili. Mellen alisimama akiitazama nafasi ile, furaha imemjaa hata akaogopa kuhema kwa nguvu. Huko ndani Priscah alifungua barua, akatazama saa ya ukutani, akasema imepunguza dakika nne. Mellen alipiga hesabu: akiwajibu wote, mashine ingekwenda haraka kuliko siku ilipotoka kwenye boksi. Alirudi kitini, akalitafuta jina la Phelesia Adongo.

Hakulifikia. Bwana Javan aliingia, akasimama nyuma yake.

"Naona imeanza kwenda. Umeifanya nini?"

"Nimemjibu mmoja."

Bwana Javan alilamba kidole, akasugua skrini ili aone vizuri, akaacha utelezi wa mate juu ya bonde zima. "214? Si hiyo ni ya mjukuu wangu?"

"Hajazaliwa."

"Najua hajazaliwa. Akizaliwa atakula nini?" Aliuliza kwa uchungu wa kweli. Machozi yalimlengalenga.

"Huyu alinyang'anywa shamba miaka kumi na mitatu iliyopita. Ni baba yangu."

"Pole sana, mama," akasema, na alimaanisha. "Lakini wewe uliitwa kwa speed. Mambo ya ardhi yana ofisi yake."

"Ofisi gani?"

"Hii."

Akaamuru shamba lirudishwe kwa mwenyewe. Mellen aliinua mikono kutoka kwenye kibodi, akasogeza kiti nyuma. Bwana Javan hakupoteza muda kumbembeleza. Alimtazama Priscah.

Priscah alikaa, akatafuta herufi moja moja kwa vidole viwili, rangi ya kucha ikiwa bado mbichi. "Nina watoto watatu, nyar Migori," akasema bila kugeuka. "Na vitunguu vimekaribia kung'olewa." Akabonyeza. Mjukuu wa thelathini na tatu akarudi kwenye shamba lake, na saa ya mchanga ikarudi kwenye skrini.

Viatu vilirejea saa kumi jioni. Vilikuwa vimelowa, matope meusi ya bondeni yamevijaa hadi kwenye matundu ya kamba, na jani la nyasi limenata kwenye kiraka cha tairi. Kutoka Homa Bay hadi bondeni ni mwendo wa siku nzima kwa mguu, lakini hakuna aliyeuliza. Mzee Caleb alivichunguza kwa miwani yake.

"Alifika," akasema. "Na alilima. Ona mguu wa kulia una matope mengi kuliko wa kushoto. Mtu anayelima hutanguliza wa kulia."

Ndani, Gichana Mirumbe alikuwa wa hamsini na nane.

Mellen alikaa juu ya saruji, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akapenga kamasi. Kisha akachukua fomu moja tupu ya kuendelea kungoja, akaitandaza, akavikwangua viatu vile kwa mpini wa brashi mpaka udongo wote ukaanguka juu ya karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mkoba wa vifaa, akaingia ofisini kwa meneja.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki, na alijichukia kabla hajaitamka. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo, megabaiti nne tu. Ikiongezwa kumbukumbu, watu wote hamsini na wanane wangeenea ndani bila kubanana, na barua zingepita katikati yao. Diski isingefutwa. Hakuna ambaye angejibiwa, lakini hakuna ambaye angepoteza mahali pake.

"Kwa hivyo waendelee kungoja," Bwana Javan akasema polepole, akionja neno kwa neno, "lakini kazi iende?"

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ndiyo teknolojia!" Akampa mkono. Ulikuwa na unyevu. Mellen aliupokea kwa sababu ya baba yake, kisha akaenda kunawa mara nne.

Kumbukumbu ililetwa Alhamisi kwa basi la Kisumu, vipande viwili vya kijani vilivyofungwa kwa karatasi. Mellen alivipachika kwa mikono yake mwenyewe. Mpwa wa disketi alipigiwa simu asije. Mchana fundi seremala na wanaume wanne walileta rafu ya viatu ambayo Bwana Javan alikuwa ameiagiza tangu viatu vilipoanza kumzibia njia. Ilifunika ukuta mzima wa ukumbi na kona yake. Ilikuwa na mashimo mia sita na kumi na moja.

"Wako hamsini na wanane," Mellen akasema.

"Lazima tufikirie mbele," Bwana Javan akajibu.

Kila shimo lilibandikwa jina. Wazee waliokuwa kwenye laini nje, wale walio hai, waliruhusiwa kupita kutazama. Kila mmoja alitafuta jina lake, akalipata, akaingiza mkono kupima kina. Mama mmoja alilalamika kwamba la kwake liko juu mno na yeye ana mgongo. Akaahidiwa kushushwa. Aliondoka ameridhika, akisema angalau safari hii ameahidiwa kitu anachokiona kwa macho.

Ijumaa wageni wa wafadhili walifika saa tano, wakavua viatu kwa heshima. Kompyuta ilifunguka kabla mgeni mkubwa hajaketi. Barua ikatoka, nyingine ikatoka, wakapiga makofi. Mgeni mkubwa aliuliza viatu vyote vile ni vya nani.

"Ni vya wananchi wetu," Bwana Javan akasema. "Wanaipenda sana teknolojia. Hawatoki."

Mgeni akaliandika hilo kwenye daftari lake, akapigia mstari.

Jioni hiyo Mellen alimkuta mama yake roshani kule Migori, ameketi kati ya makopo. Aliifungua ile fomu mapajani mwa mama. Bitutu alichukua donge, akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akaweka punje kwenye ulimi.

"Huu ni wa bondeni," akasema. "Wa kando ya maji. Wamempa?"

"Walimpa. Alikaa nalo juzi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Wakamnyang'anya."

"Alilima?"

"Mzee wa getini anasema alilima."

Bitutu akatikisa kichwa polepole, kwa kuridhika, kama aliyeambiwa kwamba mtu wake safarini amekula vizuri. "Sasa yuko wapi?"

"Amerudi kungoja. Wamempa shimo la kuwekea viatu."

"Kubwa?"

"Viatu vinaenea."

Mama alisogea ukingoni mwa roshani akatema mate, na yalikwenda mbali. Kisha akachagua kopo dogo kuliko yote, kwa sababu udongo haukutosha makubwa, akaumimina, akakung'uta karatasi mpaka punje ya mwisho, akapanda mche mmoja. Aliumwagilia maji bila kuusonya.

"Na viatu umeviachaje?" akauliza.

"Nilivikwangua."

"Hukuvipaka rangi?"

"Hapana, mama."

"Jumatatu rudi uvipake. Asionekane huko kama mtu asiye na watu."

Jumatatu Mellen alikwenda Homa Bay na kopo la rangi ya kahawia na kipande cha blanketi. Mzee Caleb alimletea kigoda. Aliketi mbele ya rafu, akavitoa viatu vya baba yake kwenye shimo lao, akavipaka, akavisugua mpaka vikang'aa hata kile kiraka cha tairi, akaukaza waya, akavirudisha ncha zikielekea mlangoni. Karibu na hapo kulikuwa na mashimo mawili yaliyojaa ambayo Ijumaa yalikuwa matupu. Ndani ya chumba Priscah alikuwa amekaa mikono kifuani, hana la kufanya. Mashine ilikuwa inachapa fomu za kuendelea kungoja, za walio hai na za marehemu, haraka kuliko ilivyowahi kuchapa kitu chochote.